Kiingereza chetu kimeshuka, ila si pale tunaponyooshea kidole

Nikimwambia mtu kwamba nilifundisha Kiingereza sekondari na kwamba sasa kazi yangu ni kuhariri ripoti, najua swali linalofuata. Mbona Kiingereza cha siku hizi kimeharibika hivi? Nimeulizwa msibani, harusini, kwenye foleni ya benki, ndani ya basi la Tanga. Anayeuliza mara nyingi ni mtu mzima aliyesoma enzi ambazo mhitimu wa kidato cha nne aliandika barua ya kuomba kazi bila kuazima kamusi. Na mfano anao: mpwa wake anaandika "u" badala ya "you", mtangazaji fulani anatamka maneno Kimarekani, mbunge fulani alichapia mbele ya kamera. Simkatalii. Viwango vimeshuka, nimeviona vikishuka, na inaniuma kama mtu aliyekula mkate wake kwa lugha hii. Ila mifano anayonipa, karibu yote, haihusiani na kile kilichoshuka. Tunalilia herufi na lafudhi huku watoto wetu wakimaliza miaka minne ya sekondari bila kuwahi kuandika ukurasa mmoja ukasomwa na mtu mzima kwa makini.

Nilipoacha chaki nilipata kazi kwenye shirika moja Dar es Salaam lililopata fedha kutoka Uingereza na Marekani. Mkuu wa miradi alikuwa Mwingereza, mkuu wa fedha Mmarekani, na kila ripoti ilipita kwa wote wawili kabla ya kutumwa kwa wafadhili. Mmoja akiandika "programme", mwingine anakata herufi mbili za mwisho. Mmoja "centre", mwingine "center". Ripoti ilinirudia imejaa wino, na ukurasa mzima hauna sentensi hata moja iliyobadilika maana. Walichojifunza pale wenzangu Watanzania ni woga. Kijana mmoja mwenye akili nzuri sana, aliyekuwa ametoka kukaa na wafugaji huko Kiteto na kurudi na habari nzito, alipoteza asubuhi nzima akiuliza watu kama "organise" iandikwe kwa s au kwa z. Hata hiyo z si ya Wamarekani peke yao, kamusi kubwa ya Oxford huiandika hivyo hivyo. Habari za wafugaji zilipata aya moja mwishoni, imeandikwa mbio mbio.

Sisemi tofauti hazina uzito. Zinapogusa maana zina gharama, na gharama hiyo nimeiona ikilipwa na watu wasiohusika. Mwezi Februari ulitumwa mwaliko wa semina wenye tarehe 05/03. Aliyeuandika alimaanisha tarehe 3 Mei, kwa sababu kwao mwezi hutangulia. Washiriki kutoka Lindi wakasoma tarehe 5 Machi kama mtu yeyote wa huku angesoma, wakaacha shughuli zao, wakapanda basi, wakafika getini asubuhi, mlinzi akawaambia hana habari ya semina yoyote. Walikuwa watu wazima, wengine wenye umri wa wazazi wangu. Tangu siku hiyo hakuna barua inayopita mkononi mwangu ikiwa na mwezi ulioandikwa kwa tarakimu.

Dada mmoja naye aliandikiwa na yule Mwingereza kwenye rasimu yake: "quite good". Mmarekani akapita, akaona, akampa hongera. Dada akarudi nyumbani na furaha. Kumbe aliyeandika alimaanisha inapitika, ingeweza kuwa nzuri zaidi. Kwa Mmarekani neno lile huongeza sifa, kwa Mwingereza mara nyingi huipunguza, na msichana wa Iringa aliyejifunza kwenye kitabu cha shule hakuwa na namna ya kujua. Wenyewe kwa wenyewe wamewahi kukwama vibaya kuliko hapo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wakuu wa majeshi ya nchi hizo mbili walibishana kwa muda mrefu juu ya jambo ambalo wote walitaka lijadiliwe, kwa sababu kwa Mwingereza "to table" ni kuleta hoja mezani na kwa Mmarekani ni kuiweka kiporo. Churchill ndiye aliyeisimulia habari hiyo.

Na kuna bilioni. Hadi mwaka 1974 bilioni ya serikali ya Uingereza ilikuwa milioni mara milioni. Mwaka huo Harold Wilson, aliyekuwa waziri mkuu, akalieleza bunge kwamba serikali yake itatumia bilioni kwa maana ya Kimarekani, yaani milioni elfu moja, hii tunayoitumia na sisi. Mtafiti anayefungua nyaraka za zamani za Kiingereza bila kulijua hilo atakosea hesabu kwa mara elfu. Hili nalisema kwa kila mhariri mchanga ninayekaa naye. Tarehe, kiasi, ahadi, nani anadaiwa nini na lini: hapo ndipo tofauti za Kiingereza zinapostahili kukuweka macho usiku. Palipobaki chagua mtindo mmoja, ushike mpaka mwisho wa waraka, uendelee na kazi.

Wazee wetu wengi waliofundishwa na Waingereza wanaamini Kimarekani ni Kiingereza kilichochakachuliwa. Mzee mmoja niliyemheshimu sana, mwalimu mstaafu, alikuwa akisikia "gotten" anakunja uso kabisa. Nilimweleza taratibu, kwa adabu inayompasa, kwamba "gotten" ndiyo ya zamani, walivuka nayo bahari wale Waingereza wa kwanza kuhamia Amerika, kisha waliobaki nyumbani wakaiacha. "Fall" kwa maana ya majira ya majani kupukutika ni hivyo hivyo, ilisemwa Uingereza kabla ya kusahaulika huko. "Soccer", ambalo Waingereza wa leo hulikejeli, lilizaliwa kwa wanafunzi wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Tahajia kama "color" na "center" ndizo zilizobadilishwa kwa makusudi: Noah Webster alizisimamia katika kamusi yake ya 1828, akitaka taifa jipya liwe na maandishi yake. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza: sasa kwa nini sisi tulichapwa fimbo kwa ajili ya "color"? Sikuwa na la kumjibu, na sina mpaka leo.

Malalamiko yenyewe ni ya zamani kuliko shule zetu zote. William Caxton, mtu aliyeleta uchapaji Uingereza mwaka 1476, aliandika mwaka 1490 juu ya wafanyabiashara waliokwama kwa kukosa upepo wakaenda kwenye nyumba moja pwani kuomba mayai. Mmoja akasema "egges". Mama mwenye nyumba akajibu kwamba hajui Kifaransa. Naye hakuwa akizungumza Kifaransa, akakasirika, mpaka mwenzake aliposema "eyren", mama akaelewa. Caxton akauliza mtu aandikeje, basi, ili wote wamwelewe. Mwaka 1712 Jonathan Swift alimwandikia mweka hazina mkuu wa taifa akitaka kiundwe chombo cha kuisimamisha lugha isiendelee kuharibika. Neno "mob" lilimkera mno, na leo limo katika kila gazeti. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755 alikiri kwamba aliyedhani kamusi inaweza kuizuia lugha isibadilike amejidanganya. Sisi Waswahili tunaujua ugomvi huu kutoka upande wetu pia. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipoichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya maeneo yote manne ilipoanza kazi mwaka 1930, watu wa Mvita na Lamu wenye hazina yao ya tenzi hawakuona kwamba lugha inasanifiwa. Waliona inapunguzwa. Na ukiwasoma na kuwasikiliza utakuta walikuwa na hoja.

Kwa hiyo msomaji akiniambia lugha inabadilika, nakubaliana naye bila machozi. Nimekubali hata Kiingereza chetu wenyewe. Mtu wa huku akiinuka kwenye kikao akasema "I'm coming", Mzungu mgeni anashangaa kwa nini anaondoka huku akisema anakuja, na sisi wote tunajua kwamba anarudi sasa hivi. Tukikutana na rafiki wa siku nyingi tunamwambia "you are lost". Mtu akijikwaa tunampa "sorry" japo hatukumsukuma, kwa sababu sisi mtu akiumia hapiti bila kupewa pole. Mkenya atakwambia "extend a bit" akitaka usogee kwenye kiti cha matatu. Haya si uvivu wa kujifunza. Ni adabu na mazoea yetu yaliyotafuta mlango ndani ya lugha ya watu yakaupata.

Wataalamu wamepigania jambo hili kwa nguvu. Mwaka 1984 huko London, katika mkutano wa maadhimisho ya miaka 50 ya British Council, Randolph Quirk wa Uingereza alisimama upande wa kiwango kimoja kwa dunia nzima, na Braj Kachru, mzaliwa wa Kashmir aliyefundisha Illinois, akasema Kiingereza sasa kina wenyewe wengi na kila kundi lina haki ya kuweka kaida zake. Wahindi wana "prepone", kulileta jambo mapema kuliko siku lililopangiwa, neno safi ambalo Waingereza hawakuwa nalo. Moyo wangu uko kwa Kachru. Kazi yangu hunipeleka kwa Quirk mara kwa mara, kwa sababu ripoti inayokwenda Geneva itasomwa na mtu asiyemjua mwandishi, hayupo wa kumwuliza, na "I'm coming" yake haina uso wa kuielezea. Ndiyo kipimo changu na nimekaa nacho muda mrefu: msomaji aliyeko mbali, asiyeweza kuuliza, ataelewa?

Sasa nirudi darasani, kwa sababu huko ndiko kulikoshuka.

Nilifundisha kwenye sekondari moja ya kata wilayani Muheza. Kabla ya hapo nilisoma sekondari ambako palikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukisikika unazungumza Kiswahili, kinaning'inizwa shingoni mwako, na unakivaa mpaka umkamate mwenzako umvike. Jioni aliyebaki nacho anaadhibiwa. Walioanzisha kibao walitaka tuzungumze Kiingereza. Walichopata ni watoto waliojifunza kunyamaza. Wakati wa mapumziko ungepita uwanjani ukadhani kuna mtihani. Tuliozungumza tulikuwa wachache, wengi wetu wenye wazazi walioajiriwa mjini, na waliokaa kimya miaka minne walitoka pale wakiamini hawana akili. Nilikutana na mmoja wao miaka baadaye, ana karakana yake na vijana aliowaajiri, na bado alinikaribisha kwa kuniomba radhi kwamba Kiingereza chake ni kibovu, wakati tulikuwa tunazungumza Kiswahili.

Mimi sikuvika mtoto kibao. Lakini nilirithi madaftari. Niliyakuta yamesahihishwa na waliotangulia, na yalinifundisha zaidi ya chuo. Mtoto mmoja wa kidato cha pili alikuwa ameandika: "My mother she told me to escort my young brother at hospital because was sick." Kalamu nyekundu ilizungushia "at", ikaweka alama sita kwa kumi, ikaondoka. Itazame sentensi ile. "My mother she" imetoka kwenye "mama aliniambia", kwa sababu kitenzi chetu hakiendi bila kiambishi cha mtenda, na mtoto akamtafutia kile kiambishi mahali. "Was sick" bila mtenda ni kwa sababu "alikuwa anaumwa" inajitosheleza. Huyu mtoto hakuwa mvivu wala mzembe. Alikuwa akifuata sarufi, tena kwa uaminifu, ila sarufi ya lugha nyingine. Akielezwa hilo mara moja, kwa Kiswahili, uso wake unafunguka. Nimeona nyuso za namna hiyo nyingi. Zungusho jekundu peke yake halimwambii kitu.

Ukurasa uliofuata wa daftari lile ulikuwa na insha juu ya umuhimu wa maji. Sarufi yake karibu haina kosa, kwa sababu ilikaririwa kutoka ubaoni, na haisemi lolote. Water is important. Water is life. We use water for many things. Alama nane. Yule aliyesimulia habari ya kweli ya nyumbani kwao alipata chini ya yule aliyenakili. Watoto si wajinga, wanaona kinacholipa.

Niliamua kwamba kila wiki wataandika nusu ukurasa juu ya kitu wanachokijua kuliko mimi. Zoezi nililolipenda kuliko yote lilikuwa kuelekeza njia: andika namna ya kutoka stendi ya Muheza mpaka nyumbani kwenu, kisha mpe mwenzako daftari, asome, aseme angepotelea wapi. Msichana mmoja aliandika "after big tree you cut corner to left". Mwenzake alipofika pale akasema, mti mkubwa upi, mbona kuna miembe mitatu? Darasa zima likaingia kwenye mabishano juu ya miembe mitatu. "Cut corner" niliirekebisha kwa dakika moja, wakacheka walipoona imetoka kwenye "kata kona", tukaendelea. Kilichochukua kipindi kizima ni ule mwembe, kwa sababu lile ndilo kosa ambalo lingempoteza mtu njiani. Wiki iliyofuata yule msichana aliandika "the second mango tree, the one with a bench under it". Sikuwa nimemfundisha sentensi ile. Aliihitaji, akaitafuta.

Halafu nikawaruhusu waanze kwa Kiswahili. Wenzangu wengine hawakupenda. Lakini niliona wazi kwamba mtoto asiyeweza kuipanga habari yake kwa Kiswahili hawezi kuipanga kwa Kiingereza, na kwamba tulikuwa tukimpima Kiingereza kumbe tatizo lake ni kupanga mawazo, jambo ambalo hakuna aliyelifundisha katika lugha yoyote. Akishapanga, Kiingereza chake kinakuwa na kitu cha kubeba.

Mnaweza kuuliza kwa nini walimu wote hawafanyi hivyo. Fanyeni hesabu. Nilikuwa na mikondo minne, kila mmoja wanafunzi 70 hivi. Jumla 280. Kusoma nusu ukurasa kwa makini na kuandika neno moja la maana pembeni ni dakika tano ukiwa na bidii. Hizo ni dakika 1,400, zaidi ya saa 23, kila wiki, nje ya vipindi, nje ya maandalio ya somo, nje ya zamu na vikao. Usiku umeme unakatika. Mwalimu mwenye watoto wake na shamba lake hawezi. Nilimudu kwa kuwafanya wasomeane wao kwa wao, na kwa kusahihisha jambo moja tu kila wiki, wiki hii wakati uliopita, wiki ijayo mpangilio wa aya, mengine nayaacha yapite. Wakaguzi hawapendi kuona makosa yaliyoachwa bila wino. Lakini daftari lililojaa wino mtoto halisomi, anatazama alama na kulifunga.

Hapo ndipo viwango viliposhuka. Mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004 na ndani ya miaka michache kata baada ya kata ikawa na shule yake. Nilifurahi na bado nafurahi. Binti wa mkulima wa machungwa alipata darasa la kutembelea kwa miguu. Lakini majengo yalikimbia, walimu na vitabu vikachelewa, na kitu cha kwanza kufa kilikuwa insha, kwa sababu insha ndiyo inayokula muda wa mtu. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ukaanza kusahihishwa kwa mashine, mtoto anasiliba kiduara cha jibu. Inawezekana kabisa mtoto kufika kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote ghafla ni kwa Kiingereza, bila mtu yeyote kuwahi kusoma aya aliyoitunga mwenyewe kwa lugha hiyo.

Na zile enzi za dhahabu za wazee wetu? Nchi hii ilipopata uhuru mwaka 1961, wanafunzi wote wa sekondari nchi nzima hawakufika 12,000. Leo ni zaidi ya milioni mbili. Wale walichujwa kwenye chekecheo la tundu dogo sana, wakawekwa bweni, wakafundishwa na watu wenye madarasa madogo na muda wa kusoma madaftari. Tukiwapima watoto wa leo kwa wale, tunawapima wote kwa kipimo cha wachache waliobaki. Hata hiyo dhahabu haikudumu: mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, na mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha shule zetu wakakuta wanafunzi wengi hawawezi kufuata masomo kwa lugha hiyo. Serikali ikakishika Kiingereza. Ushauri wa Makweta uliwekwa kando, na darasa la 1984 lina mjukuu sasa.

Mzazi mwenye uwezo amelikimbia tatizo kwa kumpeleka mtoto inglishi midiamu, anawaachia Kayumba, shule za msingi za serikali, watoto wa wengine. Simlaumu mzazi. Ila namwomba alitazame analolinunua. Nimeletewa watoto wa darasa la sita wenye lafudhi ya katuni za Kimarekani, ulimi unateleza, wanafurahisha kuwasikiliza, na nikimwomba aniandikie nini kilitokea jana shuleni anapata mistari mitatu. Lafudhi inasikika sebuleni mgeni akija, kwa hiyo inalipiwa. Aya haisikiki. Mzazi, mwombe mwalimu akuonyeshe daftari la utungaji. Hesabu kurasa, kisha soma alichoandika mwalimu pembeni. Hapo utajua ada yako imekwenda wapi.

Siku hizi kazini kumeingia jambo jingine. Ripoti za vijana zinakuja zimenyooka, hazina kosa la sarufi hata moja, tahajia ni ya Kimarekani au ya Kiingereza utakavyo, programu za kompyuta zimewaandikia. Wale mabosi wangu wawili wasingepata pa kuweka wino. Nazisoma kurasa tatu sijui kijiji kilikuwa kipi, kisima kina kina gani, mama aliyehojiwa alisema nini. Ni ile insha ya umuhimu wa maji, imerudi ikiwa imevaa suti. Ninachofanya ni kumketisha kijana, namwambia afunge kompyuta, anisimulie kwa Kiswahili alichokiona, na ninapomsikia akisema kitu halisi namwambia: andika hicho, kwa Kiingereza chako, kibovu kibovu, tutakirekebisha pamoja. Wengi hushtuka kwamba makosa yao yanakaribishwa. Baada ya muda ripoti zao zinakuwa na watu ndani yake.

Mwalimu mmoja niliyefundisha naye Muheza aliniandikia hivi karibuni. Shule yao imekubaliana kwamba kidato cha kwanza kiandike nusu ukurasa kila Ijumaa, na madaftari yagawanywe kwa walimu wa historia, jiografia na baiolojia, kila mmoja achukue fungu dogo ajibu swali moja tu: nimeelewa au sikuelewa, na ni wapi sikuelewa. Alinitumia picha za kurasa kadhaa. Kijana mmoja alieleza namna baba yake anavyobebesha miche ya michungwa juu ya mlimao: "You cut skin of lemon like letter T, not deep, then you enter the eye of orange inside and you tie with nylon but the eye you don't cover." Mwalimu wa baiolojia ameandika pembeni kwamba ameelewa, na akauliza nailoni inaondolewa baada ya muda gani. Nimemjibu rafiki yangu kwamba "bark" na "insert" anaweza kumfundisha wiki ijayo, na kwamba mimi pia ningependa kujua jibu la ile nailoni.